Fremu Saba

Saa saba za usiku, Julai, Pasua.
Elirehema kafungua dirisha makusudi
baridi ya mlimani iingie ipoze prosesa.
Sisi tumejifunika mashuka mawili mawili;
mashine yake imelala uchi, ubavu wazi,
feni ya mezani imeelekezwa tumboni.

Gigahezi tatu nukta sita alizouziwa
kazisukuma hadi nne na robo.
Ikazima. Ikawaka. Ikazima tena.
Akaiongezea umeme kidogo,
kama amtiliaye mgonjwa sukari kwenye uji.

"Dada, fremu zilikuwa hamsini na nne,
sasa sitini na moja!"
Saba.
Nikalitazama gari lake likikata kona:
kona ileile, ukuta uleule, akaugonga.

Mimi ndiye ninunuaye Luku.
Najua fremu saba zinakula yuniti ngapi.
Najua pia kinachochechemea ni kadi ya picha,
na punda hachapwi
kwa kosa la gurudumu.

Nikamwambia. Akacheka.
"Kwani nimefanya kwa ajili ya gemu?"

Akanionyesha namba: nyuzi joto sabini na nane,
hazipandi,
dakika ya arobaini, hazipandi,
na uso wake ulikuwa ule wa baba
siku alipofumua kabureta ya pikipiki iliyokuwa nzima
aone tu kama ataweza kuirudisha.

Februari itakuja, na jua la Moshi halina simile.
Ataishusha mwenyewe.
Usiku huu nimeongeza shuka la tatu.
Dirisha nimeliacha.