Ukuta wa Nyuma

Panda haikulia. Mhina alipita tu mlango kwa mlango,
jembe begani, akisema neno moja: msaragambo.
Kesho, kwa Zawada. Fito zimesimama,
makuti yamekwisha kuezekwa, udongo bado.

Shangazi Mwantumu alikuwa anachambua ukindu.
Hakuinua uso.
Mwaka wa tatu huo, yeye na Zawada hawasalimiani.
Mbuzi wa Zawada aliingia uani siku ya Ijumaa
akala ukindu ulioanikwa,
zambarau yote na nusu ya kijani,
na mwenyewe akasema, "Mbuzi hajui rangi."
Ni hilo tu. Lakini mkeka ule ulikuwa wa harusi,
na harusi ilikaliwa juu ya jamvi la kuazima.
Bwembwera nzima iliona.

Alfajiri nikamkuta amekwisha kufunga kibwebwe,
kinu kichwani. Mchi akaniachia mimi.
"Tunakwenda?"
"Nyumba haikunikosea kitu."

Wanaume walikuwa wamezama udongo hadi magotini,
wanaukanyaga kama watu wanaogombana nao,
vijana wanapanda na madebe kutoka kijitoni.
Sisi tulitwanga makopa. Unga ukatupaka nyusi
mpaka wote, wadogo na wakubwa,
tukawa vikongwe wa umri mmoja.
Nazi kumi na nne. Nilikalia mbuzi
(huyu wa meno ya chuma, asiyekula ukindu)
nikakuna mpaka kidole kikatoka damu.
Shangazi akakamua kwa kifumbu: tui la kwanza kando,
la pili likapokea papa mkavu, mbilimbi,
pilipili moja nzima, isipasuliwe.

Bada haitaki mkono wa haraka.
Inaiva huku inakuwa kijivu, inavutika,
inang'ang'ania mwiko
kama mtoto anayekatazwa safari.
Yeye alisonga kwa bega, si kwa kiganja,
jasho likimdondoka puani, analifuta kwa kiwiko.

Zawada alipita mara nne na ndoo.
Mara nne kila mmoja alitazama kitu kingine.

Adhuhuri watu wakala. Walinawa,
lakini udongo ulibaki kwenye kucha
na hakuna aliyeuona kuwa uchafu.

Alasiri kuta tatu zilikuwa zimekamilika.
Wa nne, wa nyuma, unaotazama choo na migomba,
ulikandikwa ovyo ovyo, watu wamechoka,
nani angeutazama?
Shangazi akauendea na karai la udongo wa kichuguu
na majivu aliyoyachekecha mwenyewe.
Akasiriba. Kisha kwa vidole vinne
akavuta mistari: inapanda, inavunjika, inashuka,
ile ile ya shupatu zake,
ila rangi hapa ni mbili tu, ya ardhi na ya jivu.
Nikamuuliza maana yake.
"Maana gani? Udongo usiochorwa hupasuka ukikauka."
Akachora mpaka jua likamkuta kwenye kona.
Pale chini, karibu na msingi,
aliweka kitu kidogo chenye pembe mbili na ndevu,
kimeinamia mstari,
kinakula.

Zawada alikuja kumwaga maji ya vyombo. Akasimama.
Beseni likabaki hewani.
Uso sikuuona, niliona mabega yanatikisika
nikadhani analia,
mpaka kicheko kikamtoka puani kama chafya
na maji yakamwagikia miguu yake.
Shangazi aliendelea kunawa majivu.

Baadaye sahani ya bati ikawekwa
juu ya kinu chetu kilichofudikizwa. Ukoko.
Shangazi akauvunja, nusu akanipa,
akatafuna polepole, macho kwenye migomba.
"Umeungua," akasema, hewani.
Na Zawada, mgongo ametupa, anasugua sufuria,
akajibu hewani vile vile:
"Ulisonga wewe."