Mlango wa Elfu Nane na Tisa

Ofisi ya ushirika wa asali, Cheyo, saa nne asubuhi.
Nje ya dirisha ndoo arobaini na moja za Sikonge
zinangoja mizani, na nyuki waliozifuata mpaka mjini
wanatembea juu ya vifuniko, wakidai chao.

Kashindye Mihayo ameshika stakabadhi kwa mikono miwili.
"Simu inasema huduma haipatikani. Wewe unapatikana?"
Napatikana, mama. Ndiyo maana jasho linanitoka.

Seva ni mbili, ndani ya boksi moja chini ya meza.
Ya mbele, Apache, inasimama mlango wa themanini,
inapokea kila abishaye, wa Ipole, wa Kiloleni,
inampa nembo, rangi ya njano, karibu sana.
Hesabu haijui. Haijawahi kuinua ndoo hata moja.
Hesabu anazo Tomcat, paka dume wa Java,
kajikunja huko nyuma juu ya kumbukumbu zake:
kilo, unyevu, bei, deni la mizinga ya kisasa.
Lakini mlangoni haji.
Hakufundwa kusalimia wageni.

Basi kazi yangu ni ndogo, ukiitaja haraka:
kuwafanya wawili hawa wasemezane.

Utotoni, Kitunda, nililala kifudifudi
mbele ya mzinga wa gome uliopasuka ubavu.
Niliona nyuki atokaye porini haendi ghalani mwenyewe.
Hukutana na mwenzie wa ndani hapo hapo kizingitini,
ulimi kwa ulimi, humkabidhi,
hugeuka, hurudi miomboni.
Nilikaa hadi nikaumwa kope.

Nafungua faili la paka. Mstari wa 8009 upo,
ila umezimwa kwa alama za maelezo,
kama mtu aliyefunikwa shuka usoni mchana.
Naufunua. Nawasha upya. Maandishi yanashuka, yanashuka.
503 inaondoka.
Inakuja 403.

Yaani asubuhi nyumba haikuwa na mtu;
sasa mtu yumo, ananichungulia, na hafungui.

Neno la siri. Mbele na nyuma lazima walitamke sawasawa.
Aliyelitunga, Sizya, yuko Dodoma siku hizi,
anafunga mitambo ya wakubwa. Napiga.
"Jina la kwetu tu," anasema, "herufi ndogo zote,"
na mtandao unammeza.
Kwao ni wapi, nani asiyejua?
Naandika: urambo.
403.
Napiga tena. Hapokei.

Umeme unayumba. Betri ya akiba inalia mara mbili, inanyamaza.
Kashindye kavuta kiti, kakaa ubavuni pangu
na harufu yake ya moshi wa kurinia.
Anasoma kioo polepole, kidole hewani.
"Ulambo," anasema.
"Ni Urambo, mama. Kwa re."
"Re ya ramani hiyo.
Sizya nimembeba mgongoni mimi,
tangu lini akawa na re?"

Nafuta herufi moja.
Naweka nyingine.
Nawasha.

Sijui niseme nini juu ya sekunde ile.
Feni ilizunguka. Mtu nje aliburuta ndoo.
Halafu ya mbele ikauliza, ya nyuma ikajibu,
na simu ikatetemeka ndani ya kanga ya Kashindye:
ndoo sita, kilo mia arobaini na tatu na nusu,
unyevu ishirini na mbili, bei daraja la pili.

"Ishirini na mbili?" Kasimama.
"Asali yangu? Niliyoirina jua kali, masega yamefungwa nta?
Huyo paka wako ni mwongo.
Mwite hapa mbele aniambie usoni!"

Haji mbele, mama. Ndivyo tulivyomfunga.
Lakini keshamwelekea karani wa kipimo,
na mimi nakunja nyaya zangu, nikisikia sauti zikipanda.

(Neno lenyewe nililibadilisha jioni ile ile.
Msijisumbue.)