Mstari Mtupu

Saa tano usiku. Mvua inapiga Barabara ya Bunge,
nami bado nimevaa visikizi,
naandika waliyosema, si waliyotaka kusema.

Ndiyo. Ndiyo. La. Ndiyo.
Spika: walioafiki wameshinda.
Rais anabaki na kiti chake,
nami nachapa neno *Makofi*, katikati ya mabano.

Ila kanda hii nairudia mara ya nne.
Mheshimiwa Kerubo alipoitwa jina
zilipita sekunde tisa.
Nasikia kiti. Karatasi ikikunjwa. Mtu akikohoa.
Kisha ndiyo, nyembamba
kama uzi uliolowekwa mate upenye tundu la sindano.

Kicheko kina alama yake. Zogo lina yake.
Kwa sekunde tisa, mwongozo wetu uko kimya.

Wekulo mlinzi anachungulia mlangoni:
"Dada, nafunga. Wamembakiza?"
"Wamembakiza."
Anatikisa funguo.
"Basi na unga utabaki pale pale."

Kabla ya kuzima mashine
naacha mstari mmoja mtupu
kati ya jina la Kerubo na jibu lake.

Kesho mhariri atadhani kidole kiliteleza.
Ataufuta.