Tundu Arobaini na Nane

Saa tatu usiku, Tabata Kimanga.
Umeme umekatika nusu ya mtaa,
na nusu yenyewe ndiyo yetu.
Natundika taa ya chaji kwenye nondo ya dirisha,
nakunja miguu mkekani,
nabana ngozi kwa magoti
kama mtoto anayekataa dawa.

Kipande hiki nimekitoa Kariakoo,
kichochoro cha nyuma ya wauza sponji,
ambako Chambuso hupima ngozi nzima kwa futi
na mabaki huyauza kwa kilo, kama dagaa.
Nilikinusa kwanza. Akacheka:
"Wenzio hushika, we unanusa?"
Nikamwambia kazi yangu ni hesabu za mishahara,
kutwa nashika vitu visivyo na harufu.

Uzi mmoja, sindano mbili.
Hii inaingia kulia, ile kushoto, tundu lile lile,
zinapishana gizani ndani ya ngozi
kama majirani wenye kesi wakikutana ngazini:
hawasalimiani,
ila siku mmoja akikatika
mwenzake ndiye anayeshikilia.
Hayo nimefundishwa na Shomvi, fundi viatu wa Buguruni,
umri wake sawa na kitinda mimba wetu.
Alinipokonya msharasi, akanionyesha mlalo wake,
akaurudisha.
"Usivute kwa hasira, kaka.
Ngozi ilishakufa mara moja."

Kazini, Asteria wa masijala anazungusha kishikio cha funguo kidoleni:
"Hiki elfu kumi na tano, chap, wanagombania!"
Shemeji yangu ameshaipa kampuni jina,
ameshachora na nembo, simba mwenye sindano mdomoni.
Mji huu hauuamini mkono unaofanya kitu bure.
Hata usingizi, ukiuchunguza,
kuna mtu mahali anaupigia hesabu.
Mimi huwajibu: bado najifunza.
Mwaka wa tatu huu, bado najifunza.

Wiki iliyopita, pochi ya Bi Sikudhani.
Upande huu nimetoboa tundu arobaini na nane.
Upande ule, arobaini na saba.
Mimi!
Mimi ambaye mishahara ya watu mia mbili na kumi
haijanipiga chenga hata senti.
Nikahesabu kwa ncha ya msharasi,
nikahesabu kwa ukucha,
nikamwamsha mke wangu ahesabu.
"Arobaini na saba," akasema, akageukia ukutani.

Ningeweza kukata kipande kingine.
Sikukata.
Tundu moja nikalipitisha uzi mara mbili,
pale pembeni, kifuniko kinapolala.
Nikagonga mshono kwa nyundo, taratibu, wakae chini.
Nikapiga msasa kingo, nikapaka nta,
nikasugua kwa kitambaa cha jinzi mpaka zikang'aa
kama goti la mtoto siku ya Idi.
Humo ndani kuna deni dogo. Nalijua mimi.
Na mke wangu, kama hakuwa anaota.

Bi Sikudhani aliipokea kwa mikono miwili,
akaigeuza, akaibonyeza: "Mashine gani hii?"
Mkono, nikasema.
Akaniangalia mikono, akaguna.

Kesho yake nimesimama kwenye vitumbua vyake,
chenji yangu ikatoka pale pale, pindoni mwa kanga,
fundo likifunguliwa kwa meno.
Na pochi?
"Hela zangu zina mafuta, mwanangu, niichafue?
Ipo chini ya mto."
Akageuza kitumbua. Akageuza na cha pili.
"Usiku naifungua, nanusa, nafunga."

Umeme umerudi. Mtaa mzima "eeeh!",
friji inakohoa, redio ya jirani inaanzia katikati ya tangazo.
Nimebakiza tundu sita.
Taa ya balbu ni kali mno kwa kazi hii, naizima.

Kesho tarehe ishirini na tano, siku ya mishahara.
Nta imeganda chini ya kucha, haitoki kwa sabuni.
Nitabonyeza tarakimu za watu mia mbili na kumi,
na kitufe cha saba, nadhani,
kitanukia nyuki.