Sensa Chini ya Daraja

Saa mbili asubuhi, Waterbury, mwezi wa nane.
Tumeingia kijitoni kwa buti zinazofika kifuani,
mimi na Besnik, betri mgongoni mwake
ikilia kama simu iliyosahauliwa mfukoni.
Umeme mdogo: hauui, unaduwaza.
Samaki wanageuka tumbo juu, nami nawachota kwa wavu
kabla hawajakumbuka kuwa wana mapezi.

Sensa hii haina mlango wa kubisha.
Hakuna anayesema mwenye nyumba hayupo, njoo kesho.
Napima urefu. Natazama macho, pezi, uvimbe, kidonda.
Naandika kwa penseli, maana wino na maji
hawajawahi kupatana.

Wengi wao hawana jina katika lugha yangu.
Nani angewaita, na kwa shida gani?
Basi nawapa majina papa hapa, maji magotini:
huyu mwenye mstari mweusi ubavuni, Wanja;
huyu mdomo chini, kama mtu atafutaye sarafu
iliyomponyoka sokoni, Fyonza;
huyu anayeshtuka, anatua, anashtuka tena, Kurupu.
Na yule wa kichwa kipana kama kofia ya chuma,
mwili ukiishia ghafla kama neno la aliyekatizwa,
asiyejua kuelea, mpangaji wa jiwe moja
tangu utoto hadi kufa:
Kichwa-Ngumu.

Kule juu, penye misonobari, tulihesabu
Vichwa-Ngumu thelathini na wanane.
Hapa chini ya daraja, sifuri.
Niliiandika kubwa, ikatoka kama yai.

Kiwanda cha vifungo kimefungwa siku nyingi.
Kilivisha makoti ya majeshi mawili, wanasema,
na kila kifungo kilioshwa kwa tindikali,
na tindikali ikaoshwa kwa kijito,
na kijito hakikuwa na wa kukiosha.
Chini ya matope wamelala bado: shaba, zinki, risasi.
Risasi! Neno moja kwetu lenye kazi mbili.
Hapa linazifanya zote.

Shaba ina adabu. Haimuui samaki mbele za watu.
Inamziba pua tu.
Anaogelea mzima, mnene, anang'aa,
na hanusi adui, hanusi mwenzi,
hanusi ni kijito kipi alichozaliwa.

Bi Ornella Petruzzi anainama kwenye ukingo wa daraja,
mbwa kwapani, kamba za viatu hazijafungwa.
"Wapo?"
Wapo, nasema. Mia mbili na kumi na wawili.
Lakini wa aina mbili tu.
"Mimi nikiwa mdogo," anasema,
"Jumatatu maji yalikuwa ya kijani, Alhamisi mekundu,
na samaki hata wa dawa hakuna.
Wewe unanililia aina mbili?"
Anacheka mpaka mbwa anabweka.
Sina jibu. Besnik anajifanya anakaza mkanda.

Kwetu husema samaki mmoja akioza, wameoza wote.
Methali inamtwika samaki lawama.
Sikuwahi kusikia iliyouliza
juu ya tenga.

Saa sita tunafunga kazi. Besnik, kwa mazoea tu,
anainua jiwe la mwisho, penye chemchemi ndogo
inayotoka ukutani baridi kama chumba cha maiti.
Ananiita kwa jina langu lote, jambo asilolifanya.

Mmoja. Urefu wa kidole changu cha mwisho.
Kichwa kama kofia ya chuma, kidevu juu ya mchanga,
haulizi kitu, hakimbii.

Ameletwa na mvua ya Jumanne, akakwama?
Au amehamia, kwa hiari yake,
akaliona jiwe, akalipenda?
Fomu haina safu ya mgeni wala ya mwenyeji.
Ina kisanduku kimoja. Nafuta yai langu,
karatasi inachanika kidogo, naandika: 1.

Kisha narudisha jiwe polepole, kwa mikono miwili,
kama anayeurudishia mlango
chumba cha mtu aliyelala.