Herufi Zenye Kofia

Meli ile ya Rijeka ilipozuiliwa Kilindini miezi minne
kwa bili isiyolipwa,
fundi wake wa pili alimlipa babangu, karani wa shehena,
deni la sigara
kwa vitabu kumi na kimoja vya katuni
vilivyofungwa kwa kamba ya nailoni.

Nilikuwa na miaka kumi. Lugha yao sikuijua.
Niliona tu kwamba s yao huvaa kofia,
na c, na z, kofia iliyopinduka
kama ya mtu aliyevuliwa na upepo akaidaka.
Ukurasa wa tatu, kwenye mlango wa chuma, neno moja:
SMRT.
Nilitafuta pa kupumulia nisipapate.
Kwetu hata kikohozi kina irabu.

Picha zilijieleza. Mji ndani ya kuba la kioo,
kwenye mwezi usio huu wetu.
Mwanamke kipara mwenye spana
anapita nyumba hadi nyumba, anagonga mabomba,
anatega sikio.
Nikasema: huyu namfahamu.
Sarigoi mfereji ulikauka tangu Mfungo Sita,
tukinunua maji kwa Baishe na mkokoteni wake,
dumu kwa dumu, na matusi juu.

Basi nikachukua fomu za babangu za kuhesabia magunia,
nikakata vipande vidogo kama kucha,
gundi yangu uji wa muhogo,
nikaziba kila kiputo, nikaandika changu.
Roboti la magurudumu matatu likawa Baishe.
Mlango ukawa DUKA LA MAJI, MKOPO HAKUNA.
Kipara nikamwita Mwanamize,
nikamtia kinywani yale mamangu aliyomwambia
mtu wa kaunsili.

Kimoja tu kilikuja kitupu, cha mwisho kabisa:
Mwanamize mbele ya mlango ulio wazi, mgongo kwetu,
na kiputo juu ya kichwa, cheupe kama sahani iliyooshwa.
Nilidhani kiwanda kimesahau.
Hicho sikukibandika kitu. Nikaandika ndani yake, kwa wino:
Nani kafunga mfereji?

Miaka thelathini na miwili. Sasa naandika hesabu
katika karakana ya Mbaraki, meli zinakopandishwa kavu.
Ikaja moja, rafadha imepinda,
na fundi mzee jina lake Vjeko.
Nikamletea kitabu ndani ya mfuko wa mkate.

Alibandua vipande kwa ukucha.
Uji ulikuwa umezeeka, vilitoka kama magamba.
“Smrt,” akasema, kwa wepesi wa mtu
anayetema kokwa ya ukwaju. “Mauti.”
Duka langu la maji!

Akanionyesha jalada. Jina la mchoraji, kubwa.
Chini yake, dogo kama sisimizi: Zdeslav Mrkša.
“Huyu hakuchora hata mstari.
Mchana alichomelea vyuma, usiku akaandika.”
Nikapiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu:
maneno yalikuwa fungu lake lote,
na maneno ndiyo niliyoyaziba.

“La,” akasema. “Nani aliuchelewesha mlango
hadi ukurasa wa mwisho?
Nani aliyanyamazisha mabomba saba
ndipo la nane lijibu? Hayo pia aliandika.
Hayo uliyasoma.”

Kisha akafika pale. Akakwaruza. Wino haubanduki.
“Hapa alitaka kimya,” akasema.
“Anasema, ila sisi hatusikii.”

Hakukasirika. Aliinamisha miwani,
akaanza kusoma kwa sauti mwandiko wa mtoto,
akikanyaga kila irabu kama mtu apandaye ngazi gizani:
na, ni, ka, fu, nga.
Akapumzika. Akamaliza.
Nikamfasiria kwa Kiingereza changu cha bandarini.

“Naye,” akauliza, “alijibiwa?”

Nikamwambia maji yalirudi.
Siku mbili.