Lumbesa

Mchana mimi ndiye mwenye mizani.
Ghala la Uyole, mlango wa bluu, viazi vya Isyonje
vinashuka na matope yake na ukungu wake,
nami nimesimama, kalamu sikioni.
Gunia likivimba kichwa, likivaa kile kilemba cha majani na kamba,
nasema: Shusha. Lumbesa sipokei.
Wachuuzi wananiita Mama Kipimo.
Kichwani nina wakulima mia na sabini:
nani kakopa mbolea, nani kalipa nusu,
nani kaapa kwa kaburi la mamaye.
Sikosei.

Usiku
najishonea gunia.

Si njaa. Nilitaje hilo mapema
maana kila mtu huanzia hapo.
Njaa naijua, ina adabu, hupiga hodi.
Hii hunikuta tayari nimesimama
gizani, jokofu wazi, baridi ya Julai nyayoni,
wali wa jana, kisigino cha mkate, parachichi bila chumvi,
kijiko nilichokuja kukiosha tu,
kifuniko cha siagi ya karanga kinazunguka sakafuni kama sarafu,
na sauti, yangu mwenyewe, inasema acha
kwa lugha ambayo mkono haukuisomea.

Mama Mchungaji alinipa siku tatu za kufunga.
Nikafunga.
Ya nne usiniulize.

Hospitali ya rufaa, chumba cha mwisho,
binti mmoja, Tusajigwe, mpole, ana mafua,
akanipangia kadi mezani.
NYEKUNDU, kwa wino wa kijani.
“Taja rangi ya wino. Neno liache.”
Kijani, nikasema. Bluu. Njano. Kijani.
Nikajivuna kama mtoto wa darasa la pili.
Akageuza nyingine: MKATE, kwa wino wa bluu.
Nikasema mkate.
CHAPATI, wino mwekundu.
Nikasema chapati, na mate yakanijaa.
Aliandika kitu. Nilijaribu kukisoma kichwa chini miguu juu,
kama ninavyosoma madaftari ya madalali.
Akaleta kadi nyingine, za kupanga kwa umbo,
halafu kimyakimya akabadili sheria.
“Siyo,” akasema. Nikapanga kwa umbo.
“Siyo.” Umbo.
“Siyo.”
Nilijua kwamba siyo. Hapo ndipo nilipolia:
nilijua, na mkono ukaweka duara juu ya duara.

Nikamkumbuka baba.
Alikuwa mgeuza reli, Makambako,
mtu wa kuvuta lile wenzo refu kunishinda
ili treni ya mizigo iache njia moja ishike nyingine.
Treni haina tamaa, alikuwa akisema,
inakwenda chuma kinakoielekeza.
Asubuhi za sakitu chuma kiligoma.
Vijana wenzake walikipiga mateke, walikitukania ukoo.
Baba alirudi nyumbani, akaja na birika.
Maji ya moto, kidogo, kwenye maungio. Akangoja.
Akavuta tena.

Nilimsimulia Tusajigwe. Akapenga kamasi, akacheka,
akasema nisifunge tena, nile mchana, nile nimeshiba hesabu au sijashiba,
na mlangoni mwa kabati nibandike karatasi
isiyosema usile.

Nimeandika: Sekela, umekaa?

Wiki mbili sikuiona. Ilikuwa usawa wa macho, na sikuiona.
Jumatano iliyopita, saa saba usiku, nikaiona.
Nikaisoma kwa kutikisa midomo.
Nikavuta stuli. Nikawasha taa,
nzi mmoja akashtuka.
Nikakaa.
Kisha nikaumaliza mkate wote, nisidanganye,
vipande tisa, nilivihesabu,
na kati ya cha sita na cha saba
palikuwa na nafasi, ndogo,
ya mtu kwenda kuinjika maji na kurudi.